Kwenda Kumpima Nyambura

Mlionikuta sokoni Ol Kalou nikinunua glavu ndefu na chupa mbili za mafuta ya kulainisha, mkaniuliza kama naenda kutibu ndovu, leo nawajibu. Nilikuwa nakwenda Chepkoilel, ng'ambo ya Eldoret, kumpima ng'ombe mmoja. Naam, mmoja tu. Ni safari ya nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, kwa ajili ya ng'ombe ambaye mwenyewe hajawahi kumtia machoni. Mwenyewe ni mama yangu.

Wengi wenu mnatujua kama watu wa huku Nyandarua, lakini kwetu kulikuwa Chepkoilel. Baba alinunua shamba huko kabla sijazaliwa, akajenga nyumba ya mbao, akaiezeka mabati na kuyapaka rangi ya kijani kwa sababu mabati mekundu, alisema, yalikuwa ya kila mtu. Alifariki nikiwa darasa la saba. Tukabaki mama na mimi, na ng'ombe wa maziwa aliyeitwa Nyambura. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipotufikia, nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne. Tuliondoka mchana, jua likiwa kichwani, na godoro moja na nguo tulizovaa. Tulipopita uani kwa jirani yetu, Mama Chebet, mama alimwambia maneno matatu: niangalizie huyo ng'ombe. Hakungoja jibu. Baadaye, tukiwa kambini, tulisikia kwamba nyumba yetu imekwisha. Hakuna aliyetueleza imekwishaje, nasi hatukuuliza.

Mama alidhani amemtupa ng'ombe wake. Mama Chebet alisikia jambo jingine kabisa. Kwa Wakalenjin kuna desturi ya zamani ya kuweka ng'ombe kwa rafiki. Anayemlisha hunywa maziwa, lakini ng'ombe na uzao wake hubaki kuwa mali ya aliyemweka, hata ikipita miaka, na hauzwi wala kuchinjwa bila neno lake. Basi miezi minane baada ya sisi kuondoka, simu ikalia kambini kwa jirani mwenye simu. Ilikuwa sauti ya Mama Chebet ikisema Nyambura amezaa jike na amempa jina la mama yake. Tangu hapo habari hazikukatika. Nyambura alifuatwa na Nyambura, na huyo naye akafuatwa na Nyambura wa sasa. Kila mara zilikuwa habari njema. Mama alizipokea kwa mikono miwili na hakuwahi kuuliza swali hata moja. Wala hakuwahi kwenda. Shamba lenyewe aliliuza kupitia kwa wakili akiwa amekaa kitako hapa Ol Kalou. Miaka kumi na mitano hakuvuka Nakuru kuelekea upande ule, hata kwa harusi, hata kwa mazishi.

Mwaka jana macho yake yalipoanza kuingia ukungu, ndipo alipoanza kumtaja Nyambura kila siku. Alisema anataka ndama jike mmoja wa ukoo ule aletwe huku, amshike masikio angali anaweza kumwona. Mama Chebet alipoambiwa, akasema ng'ombe amekwisha kupandishwa na mtu wa sindano za mbegu, na baada ya miezi mitatu akasema yule mtu ameingiza mkono akathibitisha: mzito. Mama akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Alisokota kamba ya katani, fupi, ya shingo ya ndama, akaining'iniza nyuma ya mlango.

Miezi tisa ikapita, zikapita na wiki mbili juu yake. Kisha Mama Chebet akanipigia mimi, si mama. Kiwele hakijajaa, alisema, na mtoto wake Kiprop ameshaongea na mtu wa bucha aje Jumatano. Hangeweza kumzuia Kiprop bila sababu, na hangeweza kumruhusu bila neno la mwenye ng'ombe. Aliniomba niende na ile televisheni yangu ya kuangalia ndani ya ng'ombe.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niliondoka nyumbani umande ukiwa bado mweupe kwenye nyasi. Mashine ya ultrasaundi niliifunga kwa mkanda kwenye kiti cha mbele. Ni ndogo, haizidi redio ya jikoni, ina kioo chake na waya mrefu wenye kichwa kama kidole gumba. Mama alitoka na shali begani akanipa ile kamba. Nilimwambia naenda kupima tu, sirudi na ndama ndani ya gari dogo. Akasema anajua, lakini kamba itangojea kule kule. Nikaichukua. Ningefanya nini? Nilianza safari nikiwa na hofu ambayo sikumwonyesha, maana kila daktari wa mifugo anajua ng'ombe anayepitisha siku zake bila kiwele ana habari gani.

Niliteremka Dundori hadi Nakuru, nikanywa chai nikiwa nimesimama, nikaishika barabara ya juu.

Saa tano kasorobo, Timboroa. Mahali hapa baridi haibishi hodi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya msitu, na wanawake wenye makoti mawili mawili walisimama kando ya barabara na karoti zilizooshwa na kabichi kubwa kupita vichwa vya watoto wao. Nilipunguza mwendo lakini sikusimama. Mara ya mwisho nilipita hapa nikiwa juu ya mizigo nyuma ya lori, na watu wa kwetu wakiwa kimya, na nikakumbuka nilivyoangalia msitu ukirudi nyuma nikadhani nitarudi baada ya mwezi. Nililia kidogo. Nayasema haya bila aibu kwa sababu gari lilikuwa langu na hapakuwa na mtu wa kuniuliza.

Saa saba, Eldoret mjini. Mji umenenepa. Nilizunguka mara mbili kutafuta mahali pa kuegesha, nikafokewa na mwendesha boda boda aliyekuwa upande usio wake, nami nikamrudishia yake yote. Mwishowe nililiona duka la Mzee Abdi, pale pale lilipokuwa, magunia ya chumvi ya ng'ombe yamepangwa mlangoni. Mzee huyu alikuwa akimuuzia baba chakula cha mifugo, na lori lililotutoa kambi ya Eldoret kutupeleka ile ya Nakuru, msafara ulipopata ulinzi, lilikuwa lake, yeye mwenyewe akiwa usukani. Ndevu zimekuwa nyeupe na amezipaka hina.

Hakunitambua mpaka nilipotaja jina la baba. Hapo akaagiza chai ya maziwa yenye iliki, akanikalisha kwenye gunia la pumba, akauliza habari za mama. Siku ile mama alikaa mbele karibu naye kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba; mimi nilikuwa nyuma, kwa hiyo sikujua yaliyopita huko mbele.

"Mama yako, kutoka hapa mpaka Nakuru, aliongea mara moja tu," Mzee Abdi alisema. "Tulikuwa Timboroa. Akaniambia, pandisha kioo. Mimi nikapandisha. Nikafikiri ni baridi, nikamuangalia, nikaona si baridi. Alikuwa hataki kusikia harufu ya huku."

Nilimaliza chai yangu nikanunua jiwe la chumvi la kumpelekea Mama Chebet, maana mtu haendi mikono mitupu. Mzee akakataa kunipunguzia bei lakini akaniongezea jiwe la pili.

Saa tisa, Chepkoilel. Nilipita chuo kikuu, wanafunzi wametapakaa barabarani kana kwamba magari ni jambo la kusikia tu, kisha nikakunja kulia kwenye barabara ya udongo. Shamba letu lilikuwa mahindi matupu, toka ua hadi ua. Pale nyumba iliposimama pana mahindi marefu kuliko mengine. Mti wa plamu alioupanda baba haupo.

Mama Chebet alikuwa amesimama langoni, amefunga leso kichwani, amekuwa mfupi kuliko nilivyomwacha. Alinishika mikono yote miwili, akanisalimu kwa lugha yao, chamgei, nami nikaitikia chamgei mising, akafurahi kwamba sijasahau. Kiprop, ambaye nilimwacha akiwa mtoto wa shule, sasa ni baba wa watoto watatu na ana kitambi. Wakanipeleka moja kwa moja kumwona ng'ombe.

Nyambura ni mweusi na mweupe, ana doa jeupe kwenye paji la uso, mpole, anakutazama kama anayekumbuka deni la zamani. Kwao wao jina lake hutamkwa Nyampura. Nilimshika masikio kwa niaba ya mama. Kisha nikainua macho.

Kibanda chake kilikuwa kimeezekwa mabati ya kijani. Rangi imepauka, na kwenye mabati mawili ya mwisho palikuwa na weusi wa moshi, lakini kijani kile ningekijua popote. Mimi ndiye niliyemshikia baba kopo la rangi alipoyapaka upya.

Walinikaribisha ndani, wakanimiminia mursik, maziwa yao ya kugandishwa, kutoka kwenye kibuyu, nikasema tumbo linanisumbua. Mama Chebet alinitazama akakirudisha kikombe taratibu. Nilikuwa na hasira iliyonikausha midomo. Miaka yote hii ya simu na habari njema, na paa letu wamelikalia. Nililala mapema kuepuka mazungumzo.

Jumanne, saa mbili asubuhi. Kabla ng'ombe hajapewa majani, Kiprop alimfunga kwenye mbao za kukamulia na mimi nikavaa glavu hadi begani. Nitawaeleza kazi hii kwa wale wasioijua. Mkono huingia kwa nyuma, kwenye njia ya kinyesi, ukiwa umeshika kichwa cha mashine, na chini ya mkono, ng'ambo ya ukuta mwembamba, ndipo kizazi kilipolala. Mashine hutuma sauti ambayo sikio halisikii, na picha inarudi kwenye kioo. Maji huonekana meusi, nyama kijivu, na mfupa mweupe. Ndama wa miezi tisa hana maficho. Utaona mbavu zake zimepangana, utaona moyo ukidunda, na mara nyingine atauvuta mguu ukimgusa.

Kwanza nilikishika kizazi kwa mkono pekee, bila kutazama kioo. Kilikuwa kikubwa, kizito, kimejaa. Nilielewa jinsi yule mtu wa sindano alivyokosea, na hata mimi moyo ulinipiga kwa tumaini. Kisha nikaangalia kioo.

Hapakuwa na mbavu. Hapakuwa na moyo. Palikuwa na kijivu kilichojaa chembe nyeupe, zikizunguka polepole nilipokisukuma kizazi, kama unga wa uji uliotiwa kwenye maji na haujachemka. Ukuta wa kizazi ulikuwa mnene. Ule ulikuwa usaha. Mlango wa kizazi ulikuwa umefunga, usaha ukabaki ndani, na mwili wa ng'ombe ukadanganyika kwamba umebeba mtoto. Ndiyo maana hakuja joto tena. Hakuwa na homa, alikula vizuri, na mkiani hapakutoka uchafu wa kumshtaki. Kwa sababu hiyo walimkausha maziwa miezi miwili iliyopita ili apumzike kabla ya kuzaa, na nyumba nzima ikawa inanunua maziwa dukani kwa ajili ya ndama asiyekuwapo.

Nilizungusha mashine mara tatu, upande wa kulia, upande wa kushoto, nikitafuta kilichokuwa hakipo. Kamba ya mama ilikuwa mfukoni mwa koti langu.

Nilipotoa mkono niliwauliza kuhusu uzazi uliopita, kama kondo la nyuma lilitoka vizuri. Kiprop alitazama viatu vyake. Mama Chebet ndiye aliyejibu, kwamba lilining'inia siku tatu, wakalifungia jiwe ili livutwe, likakatika, na kipande kikabaki ndani. Nikauliza kwa nini hawakutuambia.

"Hii ng'ombe ni ya mama yako," alisema. "Mimi ni wa kulisha tu. Mtu amekuachia kitu yake, utampigia simu kumwambia mabaya? Mimi nilitaka asikie mazuri peke yake. Ameona mabaya ya kutosha."

Nilipaswa kulijibu hilo kama daktari. Lakini hasira ya jana ilikuwa imelala nami na kuamka nami.

"Na mabati?" nikamwuliza. "Hayo pia ni mazuri?"

Kiprop alianza kusema kitu, mama yake akamnyamazisha kwa mkono. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alisimulia kwamba moto ulikula upande wa jikoni, kisha ukazimwa, kisha watu wakaja kwa siku mbili kubeba milango na madirisha. Siku ya tatu, yeye na marehemu mumewe walipanda juu na kuyang'oa mabati yaliyobaki.

"Nikasema, hii yenye imebaki ikae juu ya ng'ombe yake," alisema. "Wewe unafikiri niliwaibia."

"Ndiyo."

"Hata mimi siku zingine naona ni kama niliiba. Ndiyo sababu sijawahi sema. Ningeanza wapi? Mwambie mama yako. Mimi nimeshindwa miaka hii yote."

Je, nilimwamini? Wakati ule, nusu tu. Nilinawa mikono kwa maji ya moto, nikaenda nyuma ya kibanda kumpigia mama, maana mtu wa bucha alikuwa anakuja kesho na hakuna mwingine aliyekuwa na haki ya kutoa neno.

Nilimwambia wazi kwamba hakuna ndama, ni usaha, na umekaa humo muda mrefu. "Miezi tisa," alisema, "nimengojea usaha." Akauliza kama nimetazama vizuri. Nikasema nimetazama mara tatu. Akauliza kama ng'ombe anatibika. Nikamwambia ninaweza kumchoma sindano ya homoni ya kufungua mlango wa kizazi ili kijisafishe chenyewe, lakini kwa ugonjwa wa miezi mingi hivi siwezi kumwahidi kwamba atashika mimba tena, na kwamba Mama Chebet atamlisha karibu mwaka mzima bila hata kikombe cha maziwa.

"Muulize kama atakubali," mama alisema. "Akikubali, mtibu. Mgonjwa hachinjwi kwa sababu ametuchosha."

Habari ya mabati sikuigusa. Hiyo haikuwa ya simu.

Nilirudi nikamwuliza Mama Chebet mbele ya Kiprop. Kiprop alisema hiyo ni hasara, ng'ombe anakula na hatoi kitu, na hata huyo daktari mwenyewe hana hakika. Alikuwa anasema kweli na sikumbishia. Mama yake aliinuka kwenye ndoo, akajipangusa sketi, akasema mwenye ng'ombe ameshasema. Kiprop akatoa simu mfukoni, akaenda langoni kumwambia mtu wa bucha asije. Nami nikamchoma Nyambura sindano.

Jumanne, saa kumi jioni. Mvua ya Eldoret haina salamu. Ilishuka tukiwa sebuleni, na Mama Chebet, bila kukatiza alichokuwa anasema, aliinuka akaweka beseni moja karibu na kabati na jingine katikati ya miguu yangu na yake. Matone yakaanza kulia ndani yake. Nikatazama juu. Mabati ya nyumba yake yalikuwa na kutu nyekundu, matundu yamezibwa kwa lami na vipande vya plastiki. Nikatoka mbio na koti kichwani hadi kibandani, kwa kisingizio cha kumwangalia mgonjwa. Nyambura alikuwa amelala akicheua, na sakafu yake ilikuwa kavu kabisa, pembe zote nne. Nilisimama chini ya mabati ya baba nikisikiliza mvua, mlio ule ule niliolala nao utotoni, na nikakumbwa na hamu ya nyumbani. Miaka kumi na mitano mwanamke huyu amevujiwa kitandani, na mabati mazuri yako hatua thelathini kutoka mlangoni pake. Nilirudi ndani, nikaomba mursik.

Alhamisi, saa nne asubuhi. Mlango ulifunguka. Sitawaeleza harufu, mnaweza kuwa mnakula. Uchafu ulimwagika sakafuni nusu ndoo, ukaendelea kidogo kidogo hadi jioni, na Kiprop mwenyewe, aliyekuwa amenuna siku mbili, ndiye aliyeosha kwa maji na koleo. Ijumaa nilimpima tena. Kizazi kilikuwa kimenywea karibu nusu na kwenye kioo zilibaki chembe chache. Niliwaachia sindano ya pili, ya kuchomwa baada ya wiki mbili na daktari wa pale, na nikawaambia wasimpandishe upesi, waache aje joto mara moja ipite kwanza.

Kabla ya kuondoka nilitoa kamba ya mama nikaitundika kwenye msumari ndani ya kibanda. Mama Chebet aliiangalia, akaigusa, akasema imesokotwa vizuri.

Jumamosi, saa tisa alasiri, nyumbani. Mama alikuwa nje ameketi kwenye jua. Nilimpa kibuyu kidogo cha mursik alichopewa, kisha nikakaa chini karibu na miguu yake nikamwambia habari ya mabati. Nilimweleza yote, moshi, milango iliyobebwa, Mama Chebet na mumewe juu ya paa. Nilimweleza pia kwamba nilikasirika. Nilitarajia kilio, au maneno makali, nikawa nimejiandaa kumtetea jirani yetu.

"Yanavuja?" mama akauliza.

Nikasema hayavuji. Nikasema nyumba inayovuja ni ya Mama Chebet. Mama akajifunika uso kwa shali na mabega yakatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Jioni alimpigia simu mwenyewe. Walizungumza mpaka chaji ikaisha, na kwa mara ya kwanza nilimsikia mama akiuliza maswali. Aliuliza nani alibeba milango. Aliuliza plamu ilikatwa lini. Aliuliza Nyambura wa kwanza alikufaje, maana hata hilo tulikuwa tumeambiwa tu kwamba alizeeka vizuri.

Mnaniuliza nilijifunza nini. Nilijifunza kwamba nilipokuwa nasomea kazi hii walinionya nisitamke neno mimba mpaka nimeona moyo unadunda, nami nikayaweka maonyo hayo kwa ng'ombe tu. Sisi na Mama Chebet tulipendana kwa simu kwa miaka kumi na mitano, kila upande ukimhurumia mwenzake kwa kunyamaza, na yale tuliyonyamazia yalikuwa yanaoza. Sasa nikipiga simu huko nauliza kwanza lililoharibika.

Imepita miezi mitatu na nusu tangu safari ile. Wiki iliyopita Mama Chebet alinipigia kusema Nyambura alipandishwa siku arobaini zilizopita na hajarudi joto. Akaongeza haraka kwamba yeye hasemi kitu, alishasema mara moja ikamtosha. Niende na mashine nikaone mwenyewe.

Jana alfajiri nilipotoka na mashine mikononi nilikuta mlango wa mbele wa gari uko wazi. Mama alikuwa ameketi ndani, shali kichwani, kibuyu cha Mama Chebet kilichooshwa kikiwa mapajani. Nilimwambia huenda tukaenda tukute hakuna kitu. Akasema iwe ndama au usaha, safari hii ataona mwenyewe, macho yangali yanaona kidogo. Akaichukua mashine akaipakata juu ya kibuyu.

Tulipoukaribia msitu wa Timboroa ukungu ulikuwa mzito, na nikakumbuka maneno ya Mzee Abdi, nikapandisha vioo vyote kabla hajaomba. Mama alinyoosha mkono, akapapasa mlango upande wake akitafuta kitufe, asikione.

"Wairimu," akaniambia, "shusha kioo."